Bastola ya kubebea au ya kujifunzia? Ulinganisho kwa anayejiandaa na kozi ya kwanza ya kujilinda huku Texas

Mama mmoja wa Bukavu, muuguzi wa zamu za usiku hapa Fort Worth, alinipigia simu wiki tatu kabla ya kozi yake ya kwanza ya bastola. Alikuwa dukani, mbele ya kabati la vioo, na muuzaji alishamwekea bastola mbili juu ya kaunta. “Kaka, mukono yangu iko mudogo,” akaniambia. “Si nichukue hii kadogo?” Nilimsihi asilipe chochote, arudi nyumbani kwanza tuongee. Tuliongea siku tatu, na mengi ya hapa yametoka kwenye mazungumzo yale.

Mimi si mkufunzi. Nimekaa Texas miaka kumi na minne, nimepitia kozi nne za kujilinda kwa bastola, na mara kwa mara huwasindikiza ndugu zetu wanaoanza. Kozi ya kwanza niliipoteza bure, kwa kuwa nilijiandaa kama mtu wa kubeba bastola mtaani, si kama mtu anayekwenda kufundishwa. Karibu kila uamuzi utakaoukuta unagawanyika hapo. Kuna kifaa kinachofichika vizuri chini ya shati, na kuna kifaa kinachokuwezesha kusimama uwanjani kwa muda wa saa nane na bado ukamsikia mwalimu. Kwa kozi ya kwanza mimi huchagua hicho cha pili, kila mara.

Kabla ya lolote: sheria inakuruhusu?

Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi kwa mfano, kuwa na bastola au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Bastola ya kukodi uwanjani nayo inahesabika. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu hazuiwi na kifungu hicho. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake anazuiwa, hata kama kosa lilihesabiwa dogo. Ukiwa na shaka, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipia kozi, maana kosa la silaha linaweza kumfanya asiye raia afukuzwe nchini.

Darasa la leseni, kozi ya siku mbili, au wiki nzima

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas haimdai mtu mzima asiyekatazwa na sheria awe na leseni ndipo abebe bastola. Leseni bado ipo, na darasa lake huchukua muda wa saa 4 hadi 6, likifuatiwa na mtihani wa risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Alama kamili ni 250, na ukipata 175 umefaulu.

Darasa hilo nalipenda kwa jambo moja: sheria. Utasomeshwa lini mtu anaruhusiwa kutumia nguvu na lini haruhusiwi, mambo yaliyomo katika Sura ya 9 ya sheria ya makosa ya jinai ya Texas, na hayo hayana mbadala. Lakini katika ule mtihani unasimama mahali pamoja, bastola iko tayari mkononi, karatasi haisogei. Hakuna anayekufundisha kuichomoa kwenye ala (mfuko wa bastola unaovaliwa mwilini), kuirudisha bila kujijeruhi, wala cha kufanya risasi ikikwama katikati. Nimeona watu wakitoka na cheti wakaamini wamefundishwa kujilinda. Hawakufundishwa, na wala darasa halikuwaahidi hivyo.

Kozi ya kujilinda ya siku mbili ndiyo inayoyafundisha hayo: kuchomoa, kubadili magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), kuondoa risasi iliyokwama, kufyatua huku unasogea, na katika shule nzuri, kutumia sauti kabla ya silaha. Shule nyingi zitakwambia uje na risasi kati ya 500 na 1,000.

Halafu kuna wiki nzima. Mfano maarufu ni Gunsite, iliyopo Paulden, Arizona, shule aliyoianzisha Jeff Cooper mwaka 1976. Zile kanuni nne zinazosomwa karibu katika kila uwanja wa Marekani ni zake: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi; usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu; kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio, mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha; ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Zikariri kwa Kiswahili, kwa lugha unayoiwazia. Mkono ukianza kutetemeka, akili hukimbilia lugha ya nyumbani.

Kwa asiyewahi kufyatua hata risasi moja, siku mbili ni nyingi mno na wiki nzima ni kutupa pesa. Anza na darasa la utangulizi la nusu siku kwa bastola ya kukodi, darasa la leseni lifuate, kisha siku mbili. Wiki iache mpaka ujue mwenyewe ni wapi unashindwa. Mwenye uzoefu wa kufyatua lakini hajawahi kuchomoa kwenye ala aende moja kwa moja kwenye siku mbili.

Ndani au nje? Viwanja vya ndani vina kiyoyozi, na mwezi wa Agosti, joto linapopita nyuzi 38, hilo si jambo dogo. Lakini humo mlio hugonga ukuta ukarudi kifuani, na jirani usiyemjua anafyatua wakati hukutarajia. Wengi wa ndugu zetu waliotoka Kivu au Burundi waliijua bunduki kwanza wakiwa mbele ya mtutu wake. Kwa mtu wa namna hiyo mimi huchagua uwanja wa nje, darasa dogo, mwezi wa Machi au Oktoba, na mwalimu aambiwe mapema, faraghani. Mwalimu anayeipokea habari hiyo kwa mabega ya juu, tafuta mwingine. Yule mama aliambiwa na wake: “Ukitaka kuondoka mstarini, weka bastola chini, inua mkono, nenda. Hutaulizwa.” Alitumia ruhusa hiyo mara moja, akarudi.

Anayefunga Ramadhani naye aangalie kalenda. Muda wa saa nane juani bila maji, na bastola mkononi, si pa kujipima imani.

Ndogo, ya kati, au kubwa

Sasa turudi pale dukani. Bastola mbili zilizokuwa juu ya kaunta zilikuwa SIG P365 na Glock 19, zote za risasi yenye unene wa milimita 9. Ya kwanza ina mtutu wa milimita 79, hubeba risasi 10 katika magazini yake ya kawaida, na ikiwa na magazini tupu ina uzito wa karibu gramu 500. Ya pili ina mtutu wa milimita 102, risasi 15, uzito karibu gramu 670. Kwa macho, mkono mdogo unaitaka ile ndogo, kama mguu mdogo unavyotaka kiatu kidogo.

Bastola si kiatu. Risasi ni ile ile na baruti ni ile ile, kwa hiyo teke ni lile lile, na kinachobadilika ni uzito wa chuma wa kulipunguza na urefu wa mpini wa kulishikilia. Ndogo inaruka zaidi mkononi. Kidole cha mwisho hukosa pa kukaa, vilengeo viko karibukaribu kiasi kwamba kosa dogo la macho linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi. Risasi hamsini utavumilia. Kufikia mia tatu kiganja kimechubuka, na mwili umeanza kujikunja kabla ya mlio. Hapo hujifunzi tena, unajikinga na bastola yako mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi mwaka wa kwanza: siku ya pili nzima nilikuwa nafumba macho.

Hesabu nyingine ndogo. Kozi ya risasi 800 kwa magazini za risasi 10 ni kujaza mara 80. Kwa za 15 ni mara 54 hivi. Kila mapumziko wenzako wanakunywa maji na kumuuliza mwalimu maswali, wewe uko mezani unasukuma risasi kwa dole gumba lililovimba. Njoo na magazini tano, tatu ni chache, na ununue kile kidude cha plastiki cha kujazia.

Kubwa, kama Glock 17 yenye mtutu wa milimita 114 na risasi 17, ndiyo tulivu kuliko zote. Mwenye kiganja kikubwa asisite. Kwa mkono mdogo tatizo lake ni kwamba mpini unajaa kiganja na kidole hakiifikii triga ila kwa kuupinda mkono. Jipime hivi, bastola ikiwa tupu na muuzaji ameihakiki mbele yako: ishike kwa mkono mmoja, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono wako, uone kama katikati ya pedi ya kidole cha shahada inagusa triga. Ikigusa, inakufaa. Ikiwa ni ncha tu, shuka saizi.

Kuna na wale wanaoshindwa kuikoki, yaani kuivuta nyuma ile sehemu ya juu ili risasi iingie. Mara nyingi ni namna ya kushika: wanaibana sehemu ya juu kwa vidole viwili kama wanafungua kifuniko cha soda. Ifunike kwa kiganja kizima, isogeze karibu na kifua huku mtutu ukielekea kwenye shabaha, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia kwa nguvu ya bega. Ikikataa bado, kwa sababu ya baridi yabisi au umri, Smith & Wesson wanayo M&P Shield EZ, iliyotengenezwa ikokike kwa wepesi. Inachukua risasi 8 tu, kwa hiyo kule mezani utakaa sana, lakini ni heri hiyo kuliko kumwita mwalimu akukokie kila mara.

Uamuzi wangu ni huu: kwa kozi ya kwanza ya kati, ya milimita 9, na kama shule inakodisha, kodi. Za risasi nene zaidi ziache. Hata FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliohama milimita 9 baada ya maofisa wao kupigana kwa risasi na wahalifu huko Miami mwaka 1986, waliirudia miaka ya katikati ya 2010. Hiyo ndogo utaipeleka kwenye kozi ya pili, ukishajua kushika.

Kilengeo cha nukta nyekundu au vilengeo vya kawaida? Kijana mwenye macho mazima aanze na vilivyokuja na bastola. Anayevaa miwani ya kusomea atapata nafuu kubwa kwenye nukta, maana anaitazama shabaha tu, hahangaiki na kile chuma cha mbele kilichofifia.

Ala: hapa usibane pesa

Nimeona watu wakinunua bastola ya dola mia sita na ala ya dola kumi na tano. Ningekuwa na uwezo ningewageuzia hesabu, kwa sababu bastola nyingi za leo ni salama, na ajali nyingi za kwenye kozi hutokea wakati wa kuirudisha kwenye ala.

Ala ya kitambaa laini ndiyo ya bei nafuu na ndiyo niliyoanza nayo. Ukichomoa, mdomo wake unajifunga. Kurudisha unahitaji mkono wa pili kuufungua, na sasa mtutu unaelekea kwenye vidole vyako mwenyewe. Mwalimu mzuri atakuondoa mstarini, na atakuwa na haki. Ala ya ngozi nene iliyoshonwa kwa bastola husika ni nzuri na haikwaruzi mwili, ila ngozi ikizeeka hulegea, na mkunjo wake unaweza kuingia ndani ya triga wakati unairudisha. Ala ya plastiki ngumu iliyokandwa kwa joto kufuata umbo la bastola yako, inayoitwa kydex, haipendezi na inatoa mlio wa kukwaruza, lakini mdomo uko wazi daima na triga imefunikwa yote. Kwa kozi, chukua hiyo.

Jiepushe na zile zenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada ndipo bastola itoke. Ukiwa na haraka, kidole kile kile kinachobonyeza kinateleza kuelekea kwenye triga huku bastola inapanda. Shule nyingi zimezipiga marufuku. Nyingi hukataa pia ala za begani, kwa kuwa ukichomoa unawapitishia mtutu watu wote wa upande mmoja. Soma orodha ya shule yako kabla ya kununua.

Kiunoni pembeni, juu ya suruali, au mbele ya tumbo, ndani yake? Ya mbele inafichika vizuri na inachomoka upesi, lakini mtutu unatazama paja na mshipa mkubwa wa damu uliomo. Watu wenye ujuzi wanaibeba hivyo kila siku bila tatizo. Mwanafunzi wa siku ya kwanza, aliyechoka, anayerudisha bastola kwa mara ya mia mbili, aiweke pembeni. Na airudishe polepole, akiitazama kwa macho. Ni kuchomoa tu ndiko kunakotaka kasi.

Mkanda nao uwe mgumu, wa kazi hiyo. Wa kawaida unajikunja, na ala inapanda pamoja na bastola.

Dada zetu wanaovaa dera au baibui: zungumzeni na shule mapema. Ala inataka mkanda, na mkanda unataka suruali. Vazi la juu lisilozidi mapaja, lisilo na pindo pana, linawezekana kabisa, na mwalimu atakuonyesha namna ya kulinyanyua kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kinachoingia ndani ya ala pamoja na bastola ni hatari halisi.

Masikio, na mengine kwa haraka

Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na kikomo kinachotumika kwa mlio wa ghafla ni 140. Uharibifu wake haurudi. Viziba vya sponji vya bei ya senti, ukivisokota na kuvisukuma ndani sawasawa, vinazuia kuliko vifuniko vingi vya masikio vya gharama: utaona vimeandikwa kipimo cha kinga cha 33, wakati vifuniko vingi vya umeme vina 22 hadi 25. Lakini ukiwa na sponji peke yake humsikii mwalimu. Vya umeme hupitisha maneno na kuubana mlio. Basi vaa vyote viwili, sponji ndani na vya umeme juu, sauti umeiongeza. Kwa anayevaa hijabu hili ni la lazima, kwa sababu kitambaa kinaacha mwanya chini ya kifuniko na kinga inapungua sana. Mikono minene ya miwani hufanya vivyo hivyo.

Amri zitatolewa kwa Kiingereza cha haraka cha huku. Omba orodha yake kwa maandishi, uisome nyumbani kwa sauti, hasa amri ya kusitisha.

Nguo: kofia yenye ukingo na shati lililofungwa shingoni. Ganda la risasi lenye moto likiingia kifuani, mtu huruka na kugeuka, bastola ikiwa bado mkononi.

Risasi za mazoezi za bei nafuu zinatosha darasani. Zile zenye tundu kichwani, za kujilindia, lete boksi moja tu kuona kama bastola yako inazipokea. Ukisafiri kwa ndege kwenda Arizona, kumbuka mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 5 za risasi kwa abiria, ambazo kwa milimita 9 ni karibu 400. Zilizobaki nunua huko. Baada ya mazoezi nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zile usimpakatie mtoto ndani yake. Risasi ikifyatuliwa huacha vumbi la madini ya risasi (lead), nayo ni sumu. Mjamzito aahirishe.

Beba mkanda wa kubania jeraha na ujifunze kuufunga. Mafunzo ya kuzuia damu yaitwayo Stop the Bleed, yaliyoanza Marekani mwaka 2015, huchukua kama saa moja na nusu na mara nyingi ni ya bure. Yule muuguzi wangu alinifundisha mimi hapo.

Risasi za kweli au mazoezi matupu nyumbani?

Una wiki tatu. Unaweza kwenda uwanjani mara nne ukamaliza risasi 400, au kukaa nyumbani dakika kumi kila jioni na bastola tupu. Nimejaribu yote mawili, na dakika kumi zilinisaidia zaidi. Pale uwanjani kila mlio unakuficha kosa lako. Nyumbani, kwa ukimya, unakiona kilengeo kikitikisika pale unapobana triga, na unarekebisha. Masharti hayana mjadala: risasi zote ziwe chumba kingine, magazini tupu, chemba ya bastola, pale inapokaa risasi ya kufyatuliwa, uiangalie kwa jicho na kwa kidole mara mbili, elekea ukuta usioweza kupenywa, na ukishamaliza sema kwa sauti, “nimemaliza,” usirudie “moja ya mwisho.” Kisha nenda uwanjani mara moja, risasi mia, kuhakikisha bastola inafanya kazi.

Penye watoto, sanduku la chuma la kufungia linatangulia kozi. Texas humshtaki anayeiacha bastola yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.

Yule mama alikodi ya saizi ya kati, akamaliza siku zote mbili. Jumanne iliyofuata alirudi kwenye duka lile lile, na safari hii hakunipigia simu. Alinitumia picha ya risiti jioni: Glock 19, ala ngumu ya pembeni, magazini tatu za ziada, sanduku la kufungia. Mkanda alishaununua kabla, na chini ya picha ameniandikia kwamba ni mrefu, anauliza kama unaweza kukatwa. Unaweza, mama, ila kata upande wa kifungio, si upande wa matundu.